Mshipa Uliopitia Uani

Jumanne, 3 Machi

Dada yangu mpendwa,

Kabla ya salamu, nisamehe. Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, na nikianza na salamu nitaishia kwenye salamu, unanijua. Nimemdanganya baba. Si uongo wa kusema nimekula kumbe sijala. Nimemdanganya mbele ya daktari, kwa sauti ya kawaida kabisa, na baba akachukua kalamu akatia sahihi.

Haya, sasa hujambo? Mimi mwili hauna neno. Natumaini mvuke wa pasi haujakuunguza tena na kile kidole kimepona. Habari za baba ndizo barua yenyewe.

Unakumbuka tulivyokuwa tukimwita Bwana Harusi, kwa sababu anakula polepole kama anaangaliwa na wakwe? Kumbe hayakuwa madaha. Chakula kilikuwa hakipiti. Tangu mwaka jana kila tonge analisukuma kwa maji, na mwezi wa kwanza yakaanza maumivu mgongoni, katikati ya mabega. Yeye akasema ni ya kuinua vioo vya dukani. Kisha siku moja akapaliwa na uji. Uji, dada. Ndipo akakubali kwenda hospitali.

Walimpitisha kwenye mashine ya duara inayopiga picha za kifua. Daktari wa upasuaji ni mtu mrefu aliyetoka mbali, Kiswahili chake ni pole na asante. Baba naye lugha ya darasani haijui. Kwa hiyo aliyekaa katikati ni mimi, mimi ambaye mwalimu akiita jina langu nainamisha kichwa nijifanye natafuta kifutio.

Daktari alichora kwenye karatasi. Watu wote, alisema, mshipa unaopeleka damu mkono wa kulia hutoka wa kwanza kwenye mshipa mkubwa wa moyo na kwenda moja kwa moja. Wa baba umetoka wa mwisho, upande wa kushoto, ukazunguka nyuma ya umio, ile njia ya chakula, ndipo ukafika kulia. Amezaliwa nao hivyo, miaka hamsini na nane anatembea nao. Baba akautazama mchoro, akasema huo ni mshipa wa mtu mwenye mlango barazani lakini anapenda kupitia uani. Nikatafsiri, daktari akacheka mpaka akavua miwani. Nikajiona mkalimani kweli kweli. Nadhani hapo ndipo kiburi kiliponiingia.

Sasa pale mshipa huo unapoanzia pametutumka. Sentimita tano na nusu. Ukuta wake umetanuka ukawa mwembamba kama puto, na ukipasuka hakuna muda wa kufika popote. Dawa yake ni kupasuliwa. Wataukata huo mshipa wa mkono wauunganishe na mshipa wa shingo, halafu watapitisha mrija wa kitambaa chenye waya kutokea kwenye paja mpaka kifuani, uzibe pale palipovimba.

Kisha akahesabu hatari kwa vidole vyake. Cha kwanza, kufia mezani. Nikamwambia baba, akaitikia kwa kichwa kama anayeambiwa puti ya kubandikia vioo imekwisha. Cha pili, kiharusi. Nikasema. Cha tatu, sauti inaweza kupotea. Nikasema, naye akajibu kwamba majirani watashukuru. Cha nne, mkono wa kulia. Unaweza kupungua nguvu, vidole vinaweza kufa ganzi, huenda kwa miezi, huenda moja kwa moja.

Daktari akanisubiri. Baba alikuwa ameuweka mkono wenyewe juu ya goti, kiganja juu, na hata kabla sijafungua mdomo akauliza: "Na mkono?"

Nikasema, "Mkono hautaguswa."

Ndivyo nilivyosema. Daktari akaniuliza kama baba ameelewa yote, nikamjibu ndiyo. Upasuaji ni Jumatatu tarehe thelathini. Usiku silali, mchana siwezi kumtazama akikata vioo. Kwenye simu nisingeweza kuyasema haya, duka lenyewe chumba kimoja na simu yenyewe ni yake, ambayo wewe hupokei. Barua nampa Mzee Taratibu, dereva wa lori, kesho akishashusha vioo. Niambie la kufanya.

Mdogo wako


Jumanne, 10 Machi

Mdogo wangu Sisimizi,

Salamu nyingi. Barua yako nimeisoma nimesimama, pasi mkononi, na shuka moja la hoteli sasa lina alama ya kahawia ambayo sijui nitamwelezaje mwenye duka la dobi. Mimi mzima wa mwili. Roho ndiyo iko juu juu. Je, wewe unakula? Jibu swali hilo kwanza kabla ya mengine.

Sasa nisikilize. Nyamaza. Funika kombe. Ukimwambia leo, kesho atakwenda kuchukua ile karatasi aliyotia sahihi na kuichana. Unamjua huyo. Mtu ambaye kioo kilimkata kidole mpaka mfupa ukachungulia, akakifunga kwa kitambaa na kumaliza dirisha la watu kwanza. Ukimpa kuchagua kati ya mkono na kifua, atakwambia kifua hakikati kioo.

Tarehe thelathini si mbali. Akishaamka akaona mkono una shida, atakasirika, atanuna, atakuita majina. Anune. Afadhali baba mwenye mkono mmoja kuliko picha ya baba ukutani.

Na usidhani naandika haya kwa mapenzi makubwa. Miaka mitatu sijapokea simu yake na sijajuta. Lakini kumkasirikia mtu kunataka awepo.

Usimwambie. Mzigo huo nigawie mimi, ndiyo kazi ya dada. Ukiona ulimi unakuwasha, meza mate uniandikie.

Kula.

Dada yako


Jumatano, 11 Machi

Dada,

Shikamoo. Naandika haraka, Mzee Taratibu yuko nje anashusha na baba anapokea, nawasikia wanavyogombana kuhusu kioo cha milimita sita kilichopata ufa njiani. Mimi nakula. Kidogo.

Nimemeza mate kama ulivyosema. Lakini sikia. Upepo wa juzi umevunja madirisha ya shule ya msingi ya huku kwetu, arobaini na mawili. Mwalimu mkuu alikuja mwenyewe jana kuleta vipimo. Akauliza, kwa adabu, fundi nasikia unakwenda kupasuliwa, hii kazi utaiweza? Baba akamwambia ataikata yote kwa mkono wake kabla ya mwisho wa mwezi wa nne. Akaunyoosha ule mkono juu ya meza. Daktari kasema hautaguswa, akamwambia, na mtoto wangu alikuwepo, muulize.

Mwalimu mkuu akanigeukia. Nikasema ndiyo.

Kwa hiyo sasa nimeusema mara mbili, na mara ya pili kuna watoto wanaosubiri madirisha juu yake. Baba alinipigapiga begani. Tangu mama afariki hajawahi kuniamini kwa jambo la watu wazima, na jambo la kwanza ni hili.

Yeye mwenyewe ana furaha. Anapiga mluzi. Jana alikohoa akashika ukingo wa meza kwa muda, halafu akaendelea na mluzi palepale alipoachia.

Wamemaliza kushusha. Dada, naogopa kwamba nikinyamaza mpaka tarehe thelathini sitaweza tena kusema kitu chochote kwa mtu yeyote.

Mdogo wako


Jumapili, 15 Machi

Sisimizi wangu,

Hujambo? Leo hatufanyi kazi, nimekaa kitandani na karatasi magotini, na hii ni mara ya tatu naanza upya.

Nataka nikueleze kwa nini niliondoka. Wewe ulikuwa na miaka kumi na mitatu, ukaambiwa nimepata kazi. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeomba chuo cha uuguzi, na nafasi nikapata. Barua ikaja dukani, kwa sababu anuani ilikuwa ya duka. Baba akampa mteja mmoja anayejua lugha ya darasani amsomee. Kisha akamwomba huyohuyo aandike jibu, kwamba mwombaji anashukuru lakini ana majukumu ya nyumbani. Mama alikuwa ametoka kufariki. Mimi nikasubiri barua miezi minne. Nilipokwenda chuoni kuuliza, karani akanionyesha jibu langu mwenyewe. Lilikuwa na alama ya kidole chenye puti.

Nilipomuuliza hakukana. Alisema alijua nikiulizwa ningekwenda, na wewe ulikuwa mdogo, na yeye alikuwa hajui hata kuwasha jiko. Alisema hivyo huku anafunga kioo kwa magazeti, hakuniangalia.

Miaka mitatu nimepiga pasi mashuka ya wageni huku namlaani kwa jambo moja tu, kwamba alikata shauri langu bila kuniuliza, kwa sababu alijua nitajibu nini. Halafu mdogo wangu ananiandikia, namjibu kwa mwandiko mzuri kabisa: mfanyie hivyohivyo.

Tangu Jumatano sijapata amani. Mwambie, Sisimizi. Nimekosea. Mwambie kabla ya kulazwa, na umwambie yote. Akiichana karatasi, aichane. Ni kifua chake na ni mkono wake. Nitalia, lakini sitakulaumu.

Ukishindwa kusema, mpe barua hii mtu amsomee. Hata hii sehemu yangu.

Dada yako


Jumanne, 17 Machi

Dada yangu,

Shikamoo. Sijui umeniandikia nini safari hii, barua zetu zitapishana mkononi mwa dereva. Kama umeniambia niendelee kunyamaza, nimekuasi. Nimemwambia.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi. Alikuwa anakata kioo cha kabati. Nilisubiri, maana mtu akishaanza kuvuta kikatio haambiwi neno, mstari ukisita kioo kinakwenda kinakotaka chenyewe. Akavuta, akakibonyeza ukingoni mwa meza, kikaachana vizuri. Akapanguza vidole. Nikasema, baba, kuna kitu daktari alisema sikukifikisha.

Nilidhani nitalia na sikulia. Niliyasema yote nikiangalia rula.

Alikaa juu ya kreti. Akafikiri. Halafu akaniambia nirudie, lakini kwa lugha ya daktari, kama daktari alivyosema. Nikashangaa, haijui ile lugha. Nikaanza, kidole cha kwanza, cha pili, cha tatu, cha nne. Alikuwa ananiangalia mdomo, kama anavyoangalia kioo kwa ubavu kutafuta ufa. Nilipomaliza akasema, "Sasa kwetu." Nikarudia kwa Kiswahili.

"Kufa," akasema, "siku ile ulikutaja."

"Nilikutaja."

"Kwa hiyo kifo ulinipa, mkono ukanificha."

Nikasema ndiyo. Akaniuliza kwa nini. Nikamwambia, kwa sababu kifo nilijua utakubali.

Hakunipiga, hakunifokea. Ningefurahi angenifokea. Aliinuka, akachukua kile kioo cha kabati, akasaga kingo zake kwa jiwe mpaka zikawa laini, kazi ya robo saa akaifanya saa nzima. Tangu hapo anasema na mimi maneno ya dukani tu. Leta puti. Funga mlango. Jumapili alikula peke yake.

Jana asubuhi alivaa shati lake la kupigwa pasi, akachukua bahasha ya picha za kifua. Nikachukua viatu vyangu. Akasema, "Kaa na duka."

Amekwenda peke yake, dada. Kwa daktari asiyejua Kiswahili, na yeye asiyejua lugha nyingine. Nilikaa na duka. Mteja mmoja alikuja kutaka kioo cha kujitazamia, nikamuuzia cha dirisha, akarudi kunicheka.

Baba alirudi saa tisa. Nikamuuliza kwa macho tu, sikuthubutu zaidi. Alitundika shati, akavaa aproni, akasema tarehe ni ileile. Basi. Sijui aliongea na nani. Sijui nani alimtafsiria. Sijui aliambiwa nini na alijibu nini. Anaweza kuwa amekubali, anaweza kuwa amekwenda kumuaga daktari. Bahasha ameiweka juu ya kabati, mahali ambapo mimi sifiki bila ngazi, na ngazi ingempa habari.

Kuna jambo moja limebadilika, sijui ni zuri au baya. Hapigi mluzi tena. Ameanza kukata madirisha ya shule, yote, mfululizo, kama mtu aliyekopeshwa mkono.

Mdogo wako


Alhamisi, 26 Machi

Mdogo wangu,

Mzee Taratibu amerudi mikono mitupu. Anasema duka lina kufuli, vioo vya shule vimeegeshwa ukutani nusu, vingine havijakatwa, na jirani seremala naye hayupo. Barua ya kujibu yako ya mwisho, niliyompa akupe, amenirudishia, naiweka humu ndani.

Nimepiga simu ya baba. Ndiyo, mimi. Nimepiga mara sita. Imezimwa.

Tarehe thelathini bado siku nne. Kwa hiyo kama mmeondoka, mmeondoka kwa sababu nyingine, na sababu nyingine naijua ni ipi, wewe ndiwe uliyeniandikia kwamba hakuna muda wa kufika popote.

Nimemwomba dereva safari ijayo awatafute hata hospitali. Ukipata barua hii na baba akiwa bado anasikia, mwambie kwamba niliyekuambia unyamaze ni mimi. Wewe ulikosea dakika moja, mimi nilikaa siku tano nikafikiri ndipo nikakosea. Asikubebeshe peke yako.

Nikipata ruhusa ya mwenye duka nitakuja. Nisipopata nitakuja.

Dada yako


Alhamisi, 2 Aprili

Dada yangu,

Shikamoo. Baba yupo. Nimeona nianze na hilo, usisome mistari mingine kwa kuruka.

Mzee Taratibu alitupata jana wodini, na vumbi lake lote, akagombezwa na mlinzi. Barua zako zote mbili nimezisoma. Simu ilibaki juu ya meza ya kukatia ikafa chaji. Nisamehe, sikukumbuka kwamba dunia ina simu.

Ilikuwa Jumanne ya tarehe ishirini na nne. Baba alikuwa katikati ya mstari, anakata kioo. Akauacha mstari, kitu ambacho sijawahi kumwona akifanya, akashika meza, akasema kama vile kapigwa nyundo katikati ya mabega. Jasho likamtoka kama maji. Seremala alimlaza kwenye gari lake juu ya mbao, nikakaa nimemshika kichwa. Njia nzima nilikuwa nahesabu pumzi zake na nikipoteza hesabu naanza upya.

Daktari aliangalia picha mpya, akasema haisubiriwi tarehe thelathini. Ni alfajiri ya kesho.

Hapo ndipo nilipomwona nesi mmoja wa wodi hiyo, mama wa makamo, anajua lugha zote mbili. Kumbe ndiye aliyemtafsiria baba siku ile alipokwenda peke yake. Alikuwa ameshika fomu mpya, kwa kuwa ile ya kwanza baba mwenyewe aliomba ifutwe, atie sahihi upya siku ya kulazwa. Yule nesi akavuta kiti aanze kumsomea. Mimi nikasogea ukutani, nikajua kazi yangu imekwisha.

Baba akainua kidole akanielekeza. "Huyu ndiye asome," akamwambia nesi. "Huyu ameshakosea, najua alikosea wapi. Wewe sijui utakosea wapi."

Nesi alidhani ni maumivu yanasema. Mimi nilielewa. Pale dukani anayevunja kioo ndiye anayepewa kinachofuata akikate, palepale, kabla mkono haujaanza kuogopa. Ndiyo sheria yake na kila fundi aliyepita kwake anaijua.

Nikasoma, dada. Cha kwanza, cha pili, cha tatu. Kwenye cha nne sauti ikanitoroka, mdomo ukatembea peke yake. Baba akasema, kwa upole kabisa, hicho cha nne kirudie, hakijafika. Nikarudia. Mkono wa kulia unaweza kupungua nguvu. Vidole vinaweza kufa ganzi. Huenda moja kwa moja. Daktari alikuwa ananitazama, nesi ananitazama, hakuna nilichopunguza.

Baba akasema, "Mkono dhaifu unaweza kushika rula. Maiti hashiki rula. Leteni kalamu."

Na akatia sahihi, polepole, herufi zote, kwa mkono huohuo.

Walimwingiza saa kumi na mbili asubuhi, wakatoka saa nane mchana. Daktari alinieleza kwenye korido, nikasikiliza kwa ajili ya baba, kila neno nikalipanga kichwani kama vioo kwenye kreti, karatasi katikati, yasigongane. Uvimbe umezibwa na mrija umekaa vizuri. Damu ya mkono wa kulia sasa inatoka shingoni, ukiweka kidole kwenye kifundo chake unaisikia, inapiga kama mtu anayebisha hodi kwa haraka. Ana kovu juu ya mfupa wa bega, lefu kama kidole changu.

Sauti imepungua, anaongea kwa mnong'ono, wanasema huenda ikarudi. Chakula kinapita. Mkono haujakaa sawa. Kidole gumba na viwili vinavyofuata vinafanya kazi. Viwili vya mwisho havisikii, nilivigusa kwa barafu akaniuliza nitaanza lini. Kikombe anakiangusha.

Nilimwambia maneno yako, kwamba wewe ndiye uliyesema ninyamaze. Akanong'ona, kwa hiyo mko wawili. Kisha akafumba macho nikadhani kasinzia. Baada ya muda akaniambia niandike, na niandike kama atakavyosema, nisipambe. Basi haya ni yake, mimi nimebeba tu: "Mwambie dada yako, nilimkatia bila kumpima." Baada ya neno nilimkatia alikohoa, akashika kovu, akasubiri, ndipo akasema yaliyobaki. Halafu akauliza kama nimeandika na kikohozi. Nikasema ndiyo. Akasema sawa.

Anaposikia kwamba unaweza kuja hasemi kitu, ila leo asubuhi aliomba kunyolewa ndevu.

Sasa nikwambie balaa la leo. Daktari anapita saa nne kumpima mkono na kuamua kama atatoka Jumatatu au atakaa wiki mbili zaidi kwa mazoezi. Na baba kakumbuka madirisha ya shule, kumi na saba hayajakatwa. Tangu asubuhi anafanya mazoezi chini ya shuka, anabana gumba na vidole, anadhani simwoni. Halafu akaniita niiname, akaninong'oneza kwamba daktari akiuliza kama vidole vinasikia, nimwambie vinasikia. Akiuliza ganzi, hakuna ganzi. Kayasema hayo bila aibu, dada, baada ya yote yaliyopita, huku ananikazia macho kama mteja anayeomba apunguziwe.

Nikamwambia hivi. Nikamwambia, baba, nitasema utakachosema, si zaidi wala si pungufu. Ukitaka kudanganya, danganya kwa mdomo wako, kwa sauti hiyohiyo uliyobakiwa nayo, nami nitaupeleka uongo wako kwa daktari ukiwa mzima. Lakini uwe wako. Mimi sitaki tena kuwa na wangu.

 Akaanza kucheka, kicheko kisicho na sauti, mabega tu, mpaka akashika kovu akaniomba niache kumchekesha, na mimi sikuwa nimecheka. Nesi akaja kuangalia kuna nini.

Sijui ameamua nini. Ameacha kubana vidole. Ameutoa mkono juu ya shuka, kiganja juu, anautazama.

Viatu ndivyo hivyo kwenye korido, vya daktari navijua, ana hatua ndefu na wengine wanamkimbilia nyuma. Wamesimama kitanda cha jirani. Sasa wanakuja. Baba ananiashiria kwa macho niache kuandika, nisimame upande wa kulia. Nimeshika mlango kwa jicho moja na mstari huu kwa jingine. Karatasi nitaificha chini ya godoro lake. Amejisafisha koo, anafungua mdomo, naacha hapa nimpelekee daktari atakachosema.